Aliye Chini ya Msumeno

Kefa alikuwa mnyapara wa wapasua mbao pale Njombe, mtu wa makamo, mzee wa kanisa, na tangu azaliwe alikuwa hajashindwa na mzigo. Magogo alibeba, magunia ya mahindi alibeba, na baba yake alipofariki Lupembe alikuwa miongoni mwa waliolipokezana jeneza mpaka nyumbani. Lakini siri aliyoletewa na Odilo ilimshinda. Ilimkalia vibaya tangu siku ya kwanza, na kila alipotaka kuitua alimkuta mtu amesimama palepale, anamwuliza ana nini siku hizi.

Ilikuwa kipupwe cha mwaka ule boma lilipogawa vibendera vya Malkia mpya kwa watoto wa shule, na watoto, kwa baridi ile, wakaviona vinafaa zaidi kufutia makamasi. Bwana Jivraj, mfanyabiashara wa Makambako, alikuwa amepata kazi ya kuezeka shule mpya huko kwake. Miti ya milingoti iliangushwa na kupasuliwa Njombe, mbao zikapelekwa Makambako kwa lori, na katikati ya Bwana Jivraj na mbao zake alisimama Kefa, ambaye mambo yakienda vizuri hakuna aliyemkumbuka, na yakienda vibaya kila mtu alilijua jina lake.

Mashimo yalikuwa matano, na kila shimo lilikuwa na watu wawili na msumeno mmoja mrefu. Gogo lililazwa juu ya mihimili, likavuka shimo. Wa juu alisimama kwenye gogo. Yeye ndiye aliyeuona mstari wa mkaa na kuuongoza msumeno. Wa chini alisimama shimoni, akavuta kuelekea chini, na alichokiona kutwa nzima ni tumbo la gogo, nyayo za mwenzake na vumbi la mbao lililomwagikia usoni. Watu hawa waliitwa watu wa msumeno mmoja, nao walizoeana kuliko mtu na mkewe. Mkeo akikukasirikia atakunyima ugali. Wa juu akikukasirikia, ameshika chuma chenye meno na wewe uko shimoni.

Shimo la tatu lilikuwa la Hilari na Odilo. Hilari alikuwa juu, Odilo chini, na mbao zao zilikuwa nyoofu kuliko za wengine wote. Tena walikuwa wanyumba, yaani walioa mtu na mdogo wake, na nyumba zao zilitazamana nyuma ya misheni ya Wakatoliki. Hilari ndiye aliyetarajiwa na wengi kuwa mnyapara kabla Bwana Jivraj hajamchagua Kefa, na Kefa alilijua hilo kila siku aliyoamka.

Odilo alikuja Jumapili mchana. Hulda, mke wa Kefa, alikuwa amekwenda kumtazama mzazi, na Kefa alikuwa peke yake jikoni anamenya viazi vya kuchemsha, akiviona vitamu kuliko mahubiri aliyoyasikia asubuhi.

"Kamwene, Baba Ema."

"Kamwene. Karibu ndani, nje kuna baridi. Misa leo imekwisha mapema?"

"Padri ana mafua." Odilo alikaa kwenye kigoda, koti lake limefungwa mpaka shingoni. "Nimekuja kuazima tupa."

Kefa alimtazama. Tupa za kunolea misumeno zilikaa kazini, kila mtu alizijua zilipo, na hakuna aliyenoa msumeno Jumapili. Akamsogezea viazi. Odilo akachukua kimoja, akakishika tu mpaka kikapoa. Alizungumza habari za tupa, akazungumza habari za ng'ombe wa jirani, akarudi kwenye tupa, na Kefa, ambaye subira haikuwa sifa yake kubwa, akaona heri amsaidie.

"Odilo, tupa nitakupa. Sema jingine."

Odilo akavua koti, akapandisha shati na kugeuka. Mgongo ulikuwa na michirizi minene iliyovimba, mmoja mpya, mingine imeanza kuwa myeusi.

"Mpini wa msumeno," akasema, bado amegeukia ukuta. "Zamani alikuwa ananitukana tu, navumilia, ndivyo alivyo. Halafu akaanza kusukuma msumeno chini kabla sijawa tayari, unanigonga kifuani. Halafu akawa ananipigia teke vipande vya mbao vikiniangukia. Juzi nilipanda kumwuliza, mwanyumba, nimekukosea nini? Ndipo akachukua mpini, na jana akarudia."

"Na ulimkosea nini?"

"Anasema navuta kivivu. Unaziona mbao zetu, Baba Ema. Mvivu anapasua mbao zile?"

Kefa aliona damu inampanda. Alitaka kuondoka saa ileile akamtoe Hilari nyumbani kwake kwa masikio. Odilo akawahi kuvaa shati na kumshika mkono.

"Ninakuomba jambo moja. Asijue kwamba nimesema mimi. Mlango wangu na wake inatazamana. Mke wangu na wake wanachota maji pamoja. Wewe tafuta njia, wewe ndiye mkubwa wa kazi, lakini jina langu lisitoke."

"Halitatoka," Kefa akasema. "Limeishia kwenye masikio haya."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Odilo alipokwisha ondoka, Kefa akakaa na viazi vyake vya baridi, ndipo akaanza kuelewa alichokubali. Shimoni wako wawili. Akimkemea Hilari, Hilari atajiuliza nani amesema, na hatahitaji kujiuliza kwa muda mrefu. Akimpeleka kwa wazee, wazee watamtaka shahidi, na shahidi ni yuleyule mmoja. Hata akisema ameota ndoto, ndoto yenyewe itakuwa na sura ya Odilo.

Basi Jumatatu akajaribu njia ya macho. Alijiambia kwamba akimkamata Hilari mwenyewe, siri haitakuwa na kazi tena. Akasimama kando ya shimo la tatu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mbao.

"Mnyapara leo umetupenda," Hilari akasema kutoka juu ya gogo, anatabasamu.

Na kutwa ile Hilari akawa malaika. Alimwambia Odilo, "Taratibu, mwanyumba." Alimwambia, "Pumzika kidogo, mwanyumba, jasho lisikukaukie mwilini." Alimteremshia maji ya kunywa kwa kibuyu. Aliimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti nzuri sana, ya kumtoa mtu machozi. Kefa alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, asione kosa hata la kusingizia. Aliporudi kwenye mashimo mengine akakuta watu wa shimo la nne wameharibu gogo zima kwa kufuata mstari usio wao, na wa shimo la tano wamekoka moto wanachoma mahindi. Aliwagombeza mpaka sauti ikakauka. Wakamtazama kwa mshangao, kwa sababu kila siku walichoma mahindi na yeye alikula nao.

Siku ya pili alisimama tena, na Hilari akaimba tena. Siku ya tatu Kefa akapanda lori la mbao kwenda Makambako.

Makambako kulikuwa na upepo, kama kawaida yake. Upepo wa pale hauna adabu, unakuvua kofia kabla hujasalimia. Bwana Jivraj alikuwa amesimama kati ya marundo ya mbao, ameshika kofia kwa mkono mmoja. Alizaliwa Iringa, na Kiswahili chake kilimshinda karani wa boma.

"Nataka kubadilisha watu," Kefa akasema. "Kila shimo. Nichanganye upya."

"Kwa nini?"

"Kazi itakwenda vizuri zaidi."

"Kazi inakwenda vizuri sasa. Shimo la tatu wananipa mbao kama zimepigwa pasi. Nani amelalamika?"

"Hakuna."

"Hakuna aliyelalamika."

"Hakuna, Bwana."

"Basi kama hakuna aliyelalamika, hakuna tatizo, na kama hakuna tatizo, Kefa, umesafiri kwa lori langu kuja kuniambia nini?"

Kefa alitafuta neno ambalo halikuwa uongo na halikuwa kweli. Akasema mbao za mashimo mengine zinakuja na mawimbi, na kwamba mafundi wakichanganywa, wabaya watajifunza kwa wazuri. Yalikuwa na chembe ya ukweli, na alitumaini Mungu angeihesabu chembe hiyo. Bwana Jivraj alimtazama kwa muda. Akasema afanye anavyoona, ila mvua hazitangoja, na shule isipoezekwa mtu wa kuulizwa atakuwa yeye.

Akarudi Njombe akiwa juu ya lori tupu, vumbi puani, anamchukia kila mtu kwa zamu. Alimchukia Hilari kwa ukatili wake. Alimchukia Bwana Jivraj kwa hoja zake. Karibu na nyumbani akajikuta anamchukia kidogo hata Odilo, aliyelala usingizi wake vizuri baada ya kumwachia mwenzake mzigo. Akajionea aibu kwa hilo, lakini aibu haikuiondoa chuki yote.

Alipowatangazia wapasua mbao mchanganyo mpya, ungedhani amewapa talaka. Waliokuwa juu walisema hawawezi kusikilizana na watu wasiojua pumzi zao. Waliokuwa chini walisema wamezoea nyayo fulani, hawataki nyayo nyingine. Danieli na Agustino, watu wa shimo la kwanza, ndio waliomsumbua zaidi. Hawa walifanya kazi pamoja tangu ujana. Wakiwa barabarani hawakusemezana kabisa, Danieli Mlutheri wa chai na Agustino Mkatoliki wa pombe ya ulanzi, lakini wakishika msumeno walikuwa mtu mmoja. Walikuja pamoja, wakasimama mbele yake pamoja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona nje ya shimo.

"Tumekosa nini?" Danieli akauliza.

"Hamjakosa kitu."

"Mtu asiyekosa haadhibiwi."

"Siyo adhabu. Ni mpango wa kazi."

"Mpango wa nani?"

"Wangu," Kefa akasema, "na mkiendelea kuniuliza nitawapanga na punda."

Kefa akampeleka Odilo shimo la tano, chini ya mzee mmoja mpole mwenye kikohozi. Ikabaki nafasi chini ya Hilari, ambaye aliupokea mpango wote kwa heshima kubwa, akisema mnyapara ndiye anayejua. Kefa alikesha akiwaza amweke nani pale. Mwisho akamchagua Agustino. Agustino alikuwa na kifua kama mlango wa kanisa. Aliwahi kulitoa gurudumu la lori kwenye tope peke yake. Nani atamchokoza mtu kama huyo? Kefa aliona amepata dawa. Kwamba shimoni hata jitu huwa chini, na hata jitu vumbi humwingia machoni, halikumjia akilini.

Agustino hakubishana. Asubuhi alikuja kuchukua mpini wake, akasita.

"Baba Ema, kila mtu wa juu ana tabia yake. Danieli huvuta pumzi kabla ya kugeuza. Huyu Hilari ana jambo lolote ninalopaswa kulijua?"

Swali lilikuwa dogo, na lilikuja kwa wema. Kefa alilisikia, akaona jibu lake limesimama mbele kama mtu mlangoni. Akisema ndiyo, Agustino atauliza jambo gani, na akiambiwa jambo gani atajua limetoka kwa nani. Na alikuwa ameahidi.

"Hana," akasema. "Vuta tu kama unavyovuta siku zote."

Nyumbani nako hakukukalika. Hulda alikuwa ameshasikia kutoka kwa wake za wapasua mbao, ambao waume zao walirudi wamenuna na kukataa mboga. Alimwuliza mumewe kuna nini, akajibiwa hakuna. Akamwuliza kwa upole, akamwuliza kwa ukali, akamwuliza kwa kunyamaza siku nzima. Jioni, kwenye sala ya nyumbani, ilipofika zamu yake, akafumba macho na kusema, "Bwana, wewe unajua siri zote, na mume wangu naye anataka kuwa kama wewe. Mpunguzie." Ema, binti yao, akacheka kwenye kiganja. Kefa akasema amina kwa meno.

Lakini alijisifu kwa jambo moja: mdomo wake haukuwa na ufa. Na ili pasiwe na ufa hata wa kubahatisha, alianza kumkwepa Odilo. Aliona watu wanatazama nani anazungumza na nani, basi akapanga asizungumze naye kabisa. Akikutana naye njiani aliangalia milingoti. Kwa Wabena kumpita mtu bila kamwene ni kama kumtemea mate mguuni. Watu wakaanza kuulizana Odilo amemfanya nini mnyapara, hata amnyime salamu. Hivyo Kefa, kwa juhudi zake zote za kumficha, akawa amemsimamisha mtu wa watu katikati ya uwanja. Alipolisikia neno hilo kwa Hulda alitaka kujigonga kichwa ukutani.

Odilo mwenyewe alimfuata. Mara ya kwanza alimkuta kwenye rundo la magogo, akasema, "Baba Ema, nina neno kuhusu Agus..." Kefa akatazama huku na huku na kumkatiza. "Si hapa. Unataka kujimaliza? Nenda kazini." Mara ya pili Odilo alikuja mpaka ua wa nyumba yake jioni. Kefa akamwona kupitia mlangoni, akamwona Hulda naye anaota moto sebuleni, masikio wazi. Akatoka haraka, akamwambia kwa kunong'ona kwamba mambo yameshapangwa, atulie, na asionekane tena pale. Odilo alisimama kidogo kwenye ukungu, kofia mkononi, kisha akaenda zake. Kefa akarudi ndani akiwa ameridhika na nafsi yake, na amekereka na Odilo, kwa maana mtu unamfichia siri yake naye anaizungusha vichochoroni.

Siku zikaenda. Mbao zikaanza kweli kuja na mawimbi, za mashimo yote isipokuwa la tatu. Bwana Jivraj akatuma maneno kwa dereva wa lori, maneno ambayo dereva aliyasema yote bila kupunguza. Kefa akawa hali vizuri. Kila alipopita shimo la tatu alimsikia Hilari anaimba, na Agustino alipopanda kunywa maji alisema mambo ni mazuri. Aliwahi kumwona na mchubuko kidevuni. Akamwuliza. Agustino akacheka, akasema bado hajaizoea pumzi ya Hilari, kosa ni lake, msumeno umemgonga. Kefa alijua. Alisimama pale na kujua, na akajiambia ni wiki ya kwanza tu, watazoeana.

Ilitokea asubuhi yenye jua, lori likiwa limeshafika kupakia. Msumeno wa shimo la tatu ulikuwa umefika kwenye mhimili. Ukifika hapo, gogo lazima lisogezwe, na wa chini huuchomoa mpini wake ili chuma kipite; chuma kinabaki kitupu, mikono ya mtu i karibu nacho, na wa juu hasogezi hata unywele mpaka asikie "tayari" kutoka shimoni. Kila mtoto wa Njombe aliyewahi kuchungulia shimo la mbao aliijua sheria hiyo. Kefa alikuwa shimo la pili. Alimsikia Hilari anasema kwa sauti ya chini, "Mvivu mkubwa wewe," halafu akasikia ukelele ambao hakudhani kifua kile kingeweza kuutoa.

Walipomtoa Agustino, mkono wa kulia ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye vidole mpaka katikati ya kiganja, na vidole viwili vilining'inia. Danieli alikuwa wa kwanza kufika. Alivua shati lake katika baridi ile, akaufunga mkono wa mwenzake kwa nguvu, akimsemesha kwa Kibena polepole, yeye ambaye barabarani hakuwa akimsemesha. Wakampandisha kwenye lori juu ya mbao, apelekwe hospitali ya misheni. Dereva akaenda kuzungusha hendeli, na injini, kwa baridi, ikagoma.

Hilari alikuwa bado amesimama juu ya gogo.

"Bahati mbaya," akasema. "Nilisikia amesema tayari."

Danieli alikuwa kifua wazi, mikono yake ina damu mpaka viwikoni. Hakumtazama Hilari. Alimgeukia Kefa.

"Wewe ndiye uliyetutenganisha. Umesema ni kwa sababu ya mbao. Mbao zetu hazikuwa na shida. Nakuuliza mbele ya hawa wote, Baba Ema, kuna kitu ulikijua?"

Wapasua mbao wote walikuwa pale, na Odilo miongoni mwao, amekonda uso. Kefa aliona njia zote mbili, na zote zilikuwa mbaya. Akisema alijua, kabla ya Agustino hakuna aliyewahi kukaa chini ya Hilari zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo atakuwa amemtaja. Akisema hakujua, atakuwa anasema uongo mbele ya damu ya mtu. Alihisi uchovu ambao hakuwahi kuuhisi kwa gogo lolote.

"Nilijua," akasema. "Msiniulize zaidi. Nilimwahidi mtu."

Ilikuwa kama alivyoogopa. Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine kumtazama Odilo, na cha mwisho kilikuwa cha Hilari.

"Mwanyumba," Hilari akasema, kwa sauti ileile laini ya siku za kutazamwa.

Odilo alitoka mbele.

"Ni mimi," akasema. "Alikuwa ananipiga. Anayetaka kuuona mgongo wangu aje auone."

"Shuka, Hilari," Kefa akasema. "Weka mpini chini. Hapa huna kazi tena, na boma litakuita."

Hilari alitazama watu, akaona nyuso zilivyo, akautupa mpini shimoni na kushuka. Alipita katikati yao bila kuguswa, akashika njia ya misheni. Ndivyo ilivyokwisha, kwa maneno machache tu. Maneno hayohayo Kefa alikuwa nayo tangu Jumapili ya viazi. Alikuwa ameyazungusha mpaka Makambako na kuyarudisha.

Akamgeukia Odilo. "Nisamehe. Nililinda jina lako mpaka nikashindwa."

"Jina langu," Odilo akasema. Sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kuomba, sasa ilikuwa ya mtu aliyechoshwa. "Baba Ema, mimi nilikuomba Hilari asijue. Sikukuomba mwenzangu aingizwe shimoni macho yamefungwa. Nilikuja kukuambia ninaruhusu, Agustino aambiwe. Nilikuja mara mbili, ukanifukuza kama mbuzi shambani. Siri ilikuwa yangu. Ungeniuliza, ningemwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, na Agustino si mtu wa maneno, angenyamaza. Umekwenda kwa Mhindi. Umesimama siku mbili shimoni kusikiliza nyimbo. Mimi tu ndiye hukuja kuniuliza."

"Sikukuuliza," Kefa akasema.

"Hukuuliza."

Kutoka juu ya lori, Agustino, ambaye walidhani amezimia, akainua kichwa juu ya mbao. Midomo yake ilikuwa myeupe. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayewakumbusha wenzake jambo walilolisahau.

"Mimi nilimwuliza," akasema.

Injini ikawaka. Kefa akapanda nyuma ya lori, kwa sababu mtu wa kazi akiumia mnyapara humfuata hospitali, na Danieli, ambaye alikuwa ameshapanda, akasogeza miguu kidogo ampishe. Walikwenda njia nzima hivyo, watatu juu ya mbao, na Agustino akiwa ameegemea upande wa Danieli.